Tetelestai: Historia ya Kitenzi Kimoja cha Kiyunani na Somo Lake kwa Wanafunzi wa Kiswahili



1. Utangulizi

Mhadhara huu unahusu neno moja. Katika Injili ya Yohana, sura ya 19, mstari wa 30, mwandishi anasimulia kuwa Yesu, baada ya kupokea siki msalabani, alitamka neno moja, kisha akainamisha kichwa na kufa. Katika Kiyunani, yaani Kigiriki cha kale, neno hilo ni *tetelestai*. Ni kitenzi kimoja tu, kisicho na kiima kinachotajwa wala yambwa, lakini kimeandikiwa mengi kuliko sentensi nyingi zilizo ndefu.

Nimelichagua kwa sababu mbili. Kwanza, historia ya neno hili inaonyesha jinsi kosa dogo la kusoma ufupisho katika hati za kale linavyoweza kugeuka kuwa jambo linaloaminika na maelfu ya watu. Pili, Kiswahili kina njia yake ya kueleza tendo lililotimia ambalo matokeo yake bado yapo, nayo inakaribiana na njia ya Kiyunani kuliko wengi wanavyodhani. Mwanafunzi wa Kiswahili akikitazama kitenzi hiki kwa makini, atakuwa anaitazama pia sarufi ya lugha yake mwenyewe.

Sikuja kuhubiri. Wapo wenye wito huo, na kazi yao ni tofauti na hii. Nia yangu ni kuuliza swali linalomhusu mhubiri na msomi kwa pamoja: je, sarufi ya neno hili inaturuhusu kusema nini, na wapi inatukataza?

2. Umbo la neno

Tuanze na umbo. *Tetelestai* linatokana na kitenzi *teleo*, nacho kimetokana na nomino *telos*. Nomino hiyo ilikuwa na maana zaidi ya moja. Ilikuwa na maana ya mwisho, lakini mwisho wenye lengo ndani yake, kama vile mwisho wa mbio ni mahali ambapo mkimbiaji alikusudia kufika. Ilikuwa pia na maana ya kodi au ushuru. Kwa hiyo *teleo* iliweza kumaanisha kutimiza, kukamilisha, kumaliza, na vilevile kulipa kodi.

Kitenzi hiki kinapatikana mara 28 katika Agano Jipya, na maana zote hizo zimo. Mathayo anakitumia mara tano kufungia hotuba kubwa za Yesu, akieleza kuwa Yesu alipomaliza maneno yale aliondoka au alifanya jambo fulani. Katika Mathayo 17:24 watoza kodi ya hekalu wanauliza iwapo mwalimu analipa kodi hiyo, na katika Warumi 13:6 Paulo anazungumzia kulipa kodi kwa watawala. Katika Luka 18:31 na 22:37 kitenzi hichohicho kinahusu kutimia kwa yaliyoandikwa na manabii. Katika Yohana kinatokea mara mbili tu, zote katika sura ya 19, mstari wa 28 na wa 30, na mara zote mbili kwa umbo lilelile la *tetelestai*.

Umbo hilo lina sehemu nne. Silabi ya kwanza, *te-*, ni uradidi wa konsonanti ya mwanzo ya mzizi ukifuatwa na irabu *e*. Ndiyo alama ya njeo ambayo wanasarufi huiita timilifu. Sehemu ya pili, *tele-*, ni shina. Sehemu ya tatu, *-s-*, ni sauti ya kale ya shina la nomino *telos*, ambayo ilidondoka katika maumbo mengi ya kitenzi hiki lakini ikabaki hapa. Sehemu ya nne, *-tai*, ni kiambishi tamati cha nafsi ya tatu umoja katika kauli ya kutendwa. Ikumbukwe kwamba katika njeo timilifu Kiyunani hakitofautishi kwa umbo kauli ya kutendwa na ile ya kujitendea, ambayo wanasarufi huiita kauli ya kati. Muktadha ndio unaoamua, na hapa wasomaji tangu zamani wameielewa kuwa kauli ya kutendwa.

3. Njeo timilifu na historia yake

Njeo timilifu ya Kiyunani haikubaki mahali pamoja katika historia yake. Pierre Chantraine, mwanaisimu wa Ufaransa, aliieleza safari yake katika kitabu alichokichapisha mwaka 1927. Katika lugha ya Homeri, njeo hii ilieleza zaidi hali ya mtenda mwenyewe. *Hesteka* ilikuwa na maana ya “nimesimama”, yaani niko wima sasa. *Tethneka* ilikuwa na maana ya “nimekufa”, yaani mimi ni mfu. Baadaye, katika karne za waandishi wa Athene, njeo hii ilianza kueleza pia hali ya kitu kilichotendwa: barua imeandikwa, nyumba imejengwa. Hatimaye, katika karne za baada ya Agano Jipya, tofauti kati ya njeo timilifu na aoristi, ambayo ni njeo ya kusimulia tendo kama jambo zima, ilififia. Maumbo ya zamani ya timilifu yakatoweka, na Kiyunani cha leo huunda timilifu yake kwa kitenzi kisaidizi chenye maana ya “kuwa na”.

Waandishi wa Agano Jipya waliishi katikati ya safari hiyo. Njeo timilifu ilikuwa bado hai kwao na bado ilikuwa na maana yake. Wataalamu wa siku zetu wanabishana kuhusu maana hiyo. Stanley Porter, katika kitabu chake cha mwaka 1989, alishikilia kwamba timilifu inaeleza hali, basi. Buist Fanning, mwaka 1990, aliona humo mchanganyiko wa mambo matatu: hali iliyopo, tendo lililotangulia, na mtazamo wa msemaji. Constantine Campbell, mwaka 2007, alikwenda njia nyingine kabisa, akiiweka timilifu upande wa hali ya kuendelea. Mabishano hayo hayajaisha. Hata hivyo, kwa kitenzi kama *teleo* katika kauli ya kutendwa, maelezo ya zamani bado yanatosha kwa sehemu kubwa: tendo limefika mwisho wake, na kinachoelezwa ni hali iliyopo baada ya kufika huko.

Tofauti hii inaonekana wazi tukilinganisha maumbo mawili ya kitenzi hikihiki. Mathayo, anapofunga hotuba, anatumia aoristi *etelesen*: alimaliza. Hapo tunasimuliwa tukio lililopita, na masimulizi yanaendelea mbele. Yohana angeweza kuandika *etelesthe*, umbo la aoristi la kutendwa, ambalo limo katika Ufunuo 15:1. Hakulitumia. Neno aliloliweka mdomoni mwa anayekufa halisimulii lililotokea jana, bali linataja hali ilivyo sasa, wakati wa kusema.

Katika sura hiyohiyo ya 19 kuna mfano mwingine wa njeo hii. Wakuu wa makuhani wanamwomba Pilato abadilishe maandishi aliyoyaweka juu ya msalaba. Katika mstari wa 22 Pilato anajibu kwa kitenzi kimoja akikirudia mara mbili, *gegrapha*, nacho ni timilifu ya kuandika. Hakatai kwa kusema kwamba hataki. Anasema tu kwamba ameandika. Maandishi yapo, na hayafutiki. Mistari minane baadaye timilifu nyingine inatamkwa, safari hii na mtu aliyehukumiwa na Pilato. Mwanafunzi anayesoma kwa Kiyunani hawezi kukosa kuisikia njeo hiyo ikirudi.

4. Kisa cha risiti

Sasa nifikie jambo lililonisukuma kuichagua mada hii. Yeyote aliyezoea kusikiliza mahubiri ya Pasaka, kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, huenda amesikia maelezo haya: kwamba *tetelestai* ni neno la kibiashara, kwamba wafanyabiashara wa kale walikuwa wakiliandika juu ya hati ya deni lililolipwa, na kwa hiyo kwamba Yesu alipolitamka alikuwa akisema, “Deni limelipwa lote.” Ni maelezo mazuri ya kusikiliza. Yanashikika, yanakumbukika, na yanaonekana kuwa na ushahidi wa kihistoria nyuma yake. Tuuchunguze ushahidi huo.

Mwishoni mwa karne ya 19 wataalamu wa Uingereza, hasa Bernard Grenfell na Arthur Hunt, walikuwa wakikusanya na kuchimbua mafunjo nchini Misri. Mchanga mkavu wa huko ulikuwa umehifadhi maelfu ya hati za watu wa kawaida: barua, mikataba, hesabu, malalamiko na risiti. Miongoni mwake kulikuwa na vikaratasi vidogo kutoka bonde la Fayumu, ambavyo vingi ni vya karne ya 2 baada ya Kristo. Vilikuwa risiti za forodha. Mfanyabiashara aliyepitisha ngano, mafuta au tende juu ya punda au ngamia katika lango la kijiji kama Soknopaiou Nesos alilipa ushuru wa sehemu moja ya mia na sehemu moja ya hamsini, yaani asilimia 3, na alipewa kikaratasi kinachoonyesha hivyo.

Risiti hizo huanza kwa neno ambalo mara nyingi limefupishwa: *tetel*. Ufupisho huo ulijazwa mwanzoni kuwa *tetelestai*. Wakati huohuo James Hope Moulton na George Milligan walikuwa wakitunga kamusi iliyolinganisha maneno ya Agano Jipya na lugha ya mafunjo. Moulton alifariki mwaka 1917, na Milligan akaikamilisha kazi. Kitabu kizima kilitoka mwaka 1930. Chini ya kitenzi *teleo*, kamusi hiyo ilisema kwamba risiti mara nyingi hutanguliwa na neno *tetelestai*, kwa kawaida likiwa limefupishwa, na ikazitaja hati za Grenfell kuwa mfano. Kutoka katika kamusi hiyo habari ikaingia katika vitabu vya ufafanuzi, na kutoka vitabuni ikaingia mimbarini.

Tatizo ni kwamba herufi hizo tano ni mwanzo wa neno jingine pia. Kipo kitenzi *teloneo*, chenye maana ya kutoza ushuru. Kimetokana na *telones*, mtoza ushuru, neno ambalo wasomaji wa Injili wanalijua vizuri. Asili ya *telones* ni maneno mawili, *telos*, ushuru, na kitenzi cha kununua, kwa sababu mtoza ushuru wa zamani alinunua kwa serikali haki ya kukusanya ushuru, kama vile forodha ya Zanzibar ilivyokodishwa kwa wafanyabiashara katika karne ya 19. Timilifu ya kutendwa ya *teloneo* ni *tetelonetai*: ushuru umetozwa. Herufi zake tano za mwanzo ni zilezile, *tetel*. Wataalamu wa mafunjo leo hulisoma neno la risiti za forodha kwa namna hiyo, na uchunguzi mpana wa P. J. Sijpesteijn kuhusu ushuru wa forodha katika Misri ya Kiyunani na Kirumi, uliochapishwa mwaka 1987, unasimama juu ya usomaji huo.

Maana yake nini? Hati zilizodaiwa kuwa shahidi hazina neno lenyewe. Tena hata kama zingekuwa nalo, zingekuwa risiti za ushuru wa langoni, si hati za madeni zilizofutwa. Karani wa forodha aliyemruhusu mtu apite na magunia yake hakuwa akimsamehe mtu deni.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba *teleo* haiwezi kumaanisha kulipa. Tumekwisha kuona kwamba katika Mathayo 17 na Warumi 13 inamaanisha hivyo. Lakini katika mahali pote pawili yambwa ya kitenzi ni kodi, na imetajwa. Neno lenye maana kadhaa haliji na maana zake zote kila linapotamkwa. Mtu akisema kwa Kiswahili, “Amepanda,” hatusemi kwamba amepanda mlima na amepanda mahindi kwa pamoja. Muktadha unachagua. Na katika Yohana 19 hakuna kodi, hakuna deni, wala hakuna mdai.

5. Muktadha wa Yohana

Muktadha wenyewe unasema nini? Mstari wa 28 unatupa jibu, kwa kuwa ndipo neno linapotokea mara ya kwanza. Mwandishi anasema Yesu alijua kwamba *panta*, yaani mambo yote, *tetelestai*. Hapa kuna kanuni ya sarufi ambayo mwanafunzi wa Kiyunani huijua mapema: nomino za wingi za jinsia isiyo ya kiume wala ya kike huchukua kitenzi cha umoja. *Panta* ni wingi, *tetelestai* ni umoja, na hakuna kosa. Kwa hiyo umbo la umoja la mstari wa 30 halithibitishi kwamba kiima chake kilichofichwa ni cha umoja. Msomaji aliyetoka kusikia mistari miwili tu kabla yake kwamba mambo yote *tetelestai*, atakisikia kiima hichohicho.

Tena, katika mstari huohuo wa 28 Yohana anaongeza kitenzi ndugu, *teleioo*, kusema kwamba maandiko yalipaswa kutimizwa. Kitenzi hicho si kigeni katika Injili hii. Katika 4:34 Yesu anasema chakula chake ni kuimaliza kazi ya aliyemtuma. Katika 5:36 anazitaja kazi alizopewa azitimize. Na katika 17:4, usiku wa mwisho, anamwambia Baba kwamba ameikamilisha kazi aliyopewa. Mara zote tatu ni *teleioo*. Kwa msomaji wa Yohana, neno la msalabani linaifunga safu hiyo: kazi iliyokuwa na mtumaji, mtumwa na lengo imefikishwa mwisho wake. Maana hiyo imo ndani ya kitabu chenyewe. Haihitaji kuazima risiti kutoka Fayumu.

Kuna onyo jingine la sarufi. Baadhi ya walimu husema kwamba njeo timilifu ya Kiyunani inaeleza tendo lililofanyika mara moja ambalo matokeo yake yanadumu milele. Hilo ni kuitwisha njeo mzigo usio wake. Katika Yohana 11:11 Yesu anasema Lazaro *kekoimetai*, amelala, na neno hilo ni timilifu. Usingizi huo, ambao ni kifo, ulidumu siku chache tu. Katika 11:44 mwandishi anaeleza jinsi *tethnekos*, yaani aliyekufa, alivyotoka kaburini. Na hilo nalo ni umbo la timilifu. Timilifu inatuambia kwamba hali ipo. Haituambii itadumu muda gani. Anayeamini kwamba kilichotimia msalabani kinadumu milele ana mahali pengi pa kusimama katika maandiko yake. Asisimame juu ya kiambishi.

6. Neno linapoingia katika Kiswahili

Nigeukie sasa lugha yetu. Tafsiri ya Biblia katika Kiswahili ilianza na Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844. Sura za mwanzo za kitabu cha Mwanzo alizozitafsiri zilichapishwa mwaka 1847. Edward Steere alifika Unguja mwaka 1864, na Biblia kamili ya Kiunguja ilitoka mwaka 1891, baada ya kifo chake. Biblia ya Kimvita ilitoka mwaka 1914, ya Karl Roehl mwaka 1937, na ile iliyokusudiwa kuwaunganisha wasomaji wote, inayojulikana kama Union Version, mwaka 1952. Baadaye ikaja tafsiri ya Habari Njema. Katika Yohana 19:30, Union Version ilichagua neno “imekwisha”. Habari Njema ilichagua “yametimia”. Tofauti ya maneno hayo mawili inastahili kuchunguzwa na mwanaisimu, kwa kuwa yanatofautiana katika mambo mawili, na yanafanana katika jambo moja kubwa.

Yanatofautiana kwanza katika kiambishi cha kiima. Kiyunani kiliweza kukificha kiima. Kiswahili hakiwezi kukificha kabisa, kwa kuwa kitenzi chake lazima kibebe alama ya ngeli. “Imekwisha” ina *i-*. Msikilizaji anaweza kuelewa kwamba ni kazi, au anaweza kuichukua kama *i-* isiyoelekea nomino yoyote, ile tunayoisikia katika “imeandikwa” na “inafaa”. “Yametimia” ina *ya-*, na mara moja tunasikia mambo, au maandiko, au maneno. Kwa kuwa mstari wa 28 una *panta*, mambo yote, *ya-* inaunganisha mistari miwili vizuri zaidi. Kila mfasiri wa Kiswahili hulazimika kuamua jambo ambalo mwandishi wa Kiyunani hakulazimika kuliamua.

Yanatofautiana pili katika kitenzi. Kwisha ni kufika mwisho tu. Sabuni imekwisha, mafuta ya taa yamekwisha, fedha zimekwisha. Tena Kiswahili kina matumizi mengine ya kitenzi hiki: “Tumekwisha!” husema watu wakiona hakuna tena njia ya kuokoka. Msikilizaji asiyeijua habari yote anaweza kulisikia neno la msalabani kama kilio cha aliyeshindwa. Kutimia ni tofauti. Hutimia kilichokuwa kimekusudiwa, kilichoahidiwa au kilichopimwa: ahadi, ndoto, unabii, idadi, mwaka. Ndani ya kutimia kuna lengo, kama ilivyo ndani ya *telos*. Zaidi ya hayo, Union Version katika mstari wa 28 ilitumia kumalizika kwa mambo yote, na kutimizwa kwa andiko, kisha kwisha katika mstari wa 30. Mzizi mmoja wa Kiyunani ukawa mizizi mitatu ya Kiswahili, na msomaji hawezi tena kusikia kwamba ni neno moja linalorudi. Tukitumia kutimia mahali pote patatu, mlio huo unabaki.

Hata hivyo, hakuna tafsiri isiyoacha kitu nyuma. Kauli ya kutendwa ya Kiyunani inaashiria kwamba yupo aliyetenda, ingawa hatajwi. “Imekwisha” na “yametimia” hazina kauli hiyo. Ni kana kwamba mambo yamefika mwisho yenyewe. “Yametimizwa” ingeirudisha kauli, lakini ingepunguza wepesi wa neno la mtu anayekata roho. Sidai kwamba mfasiri alikosea kuacha kauli hiyo. Nasema ajue anachokiacha.

Sasa tuje kwenye kufanana kwake. Maneno yote mawili yana kiambishi *-me-*, na hapa Kiswahili hakina haja ya kuona haya mbele ya Kiyunani. Ethel Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944, alionyesha kwamba *-me-* huonyesha tendo lililokamilika na pia hali inayotokana nalo. Tunaposema “amesimama”, “ameketi”, “amelala”, “amevaa kanzu”, hatusimulii tukio lililopita. Tunaeleza alivyo mtu sasa. “Amesimama” ni *hesteke* ya Homeri. “Amelala” ni *kekoimetai* ya Lazaro. “Imeandikwa” ni *gegraptai*, umbo la timilifu ambalo limo katika Agano Jipya zaidi ya mara 60. Mtafsiri kwa Kiingereza hulazimika mara nyingi kuchagua kati ya tendo na hali. Mswahili anapata vyote viwili katika silabi moja.

Tahadhari inahitajika, lakini. *-me-* ni pana kuliko timilifu ya Kiyunani. Katika Ufunuo 18:2 anguko la Babeli linatangazwa kwa aoristi, nasi kwa Kiswahili tunalitangaza kwa *-me-*, kwa sababu ndivyo lugha yetu inavyotangaza habari mpya. Kwa hiyo asiwepo mtu wa kurudi nyuma kutoka *-me-* na kudai kwamba Kiyunani kilikuwa na timilifu.

Na *-me-* yenyewe ilitoka wapi? Wanaisimu wengi wanaona kwamba imetokana na kitenzi cha kale cha Kibantu, *-mala*, chenye maana ya kumaliza, kikiwa katika umbo lake timilifu, *-mele*. Kisukuma bado kina *kumala*. Kiswahili kimekihifadhi katika kumaliza na kumalizika. Kitenzi hicho kilipozoea kutangulia vitenzi vingine, kilifupika na kupoteza uzito wake hadi kikawa kiambishi tu. Wanaisimu huuita mchakato huo usarufishaji. Na mchakato huo haukusimama. Kwisha nako kumeingia njia hiyohiyo: “amekwisha kufika” ikawa “amekwisha fika”, kisha “ameshafika”, na vijana wa leo husema “ashafika”. Kitenzi cha pili cha kumaliza kinageuka kiambishi machoni petu.

Basi tazameni neno “imekwisha”. Ndani yake mna *-me-*, ambayo zamani ilikuwa kumaliza, na mna kwisha. Kihistoria neno hilo linasema mara mbili kwamba jambo limefika mwisho. Wafasiri hawakukusudia hivyo, wala msikilizaji haisikii. Lakini imo, kama *-s-* ya kale ilivyomo ndani ya *tetelestai*.

7. Hitimisho

Nimalizie kwa neno ambalo wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili wanalijua kuliko mimi. Watunzi wa tenzi zetu walizoea kufunga kazi zao kwa neno “tamati”. Leo tunalichukulia kuwa nomino, lakini asili yake ni kitenzi cha Kiarabu, *tammat*: imetimia. Ni kitenzi cha njeo timilifu, cha nafsi ya tatu umoja, na kiima chake hakitajwi. Kila msomaji anajua kwamba ni kazi iliyo mbele yake. Kutimia, kutimiza na timamu vimetoka katika mzizi huohuo. Mtunzi akiandika “tamati” halalamiki kwamba wino umemwishia. Anasema alichokikusudia kimefika pale alipokusudia kifike.

Aliyelisoma neno “tamati” mwishoni mwa utenzi ana njia ya karibu ya kulielewa *tetelestai* kuliko yule aliyefundishwa kisa cha risiti. Njia hiyo haihitaji ushahidi wa kubuni, nayo imo katika lugha yake.

Hilo ndilo ninalowaombea wanafunzi waliomo humu, wakiwemo watakaosimama mimbarini na watakaosimama darasani. Mtu akisikia jambo zuri kuhusu neno la kale, aulize limeandikwa wapi, na nani alilisoma, na kama lingeweza kusomwa vinginevyo. Akikuta kwamba ushahidi haupo, auache uzuri huo bila huzuni. Wasikilizaji wetu wanatuamini kwa sababu hawana njia ya kwenda kuyaona mafunjo wenyewe. Imani ya namna hiyo ni amana, na amana haichezewi.